Nilimliza Mama Mkubwa Mbele ya Kamera

Nimefanya kazi ya ukalimani Lubumbashi kwa miaka mingi, na nimejifunza kwamba wageni wenye kamera huja na picha yao tayari kichwani. Hawaji kutafuta mtu, wanatafuta wa kumvisha ile picha. Ukiwa mwanamke mweusi wa huku kwetu, picha ziko mbili tu. Ya kwanza iko kwenye mabango ya barabara inayoelekea Golf, mtaa wa matajiri: mwanamke aliyeng'arishwa mpaka humjui ametoka kabila gani, meno yote nje, anacheka na sabuni, au simu, au chupa ya bia. Ya pili iko kwenye filamu za Ulaya na vijitabu vya mashirika: mweusi ti, kitambaa kichwani, mtoto mgongoni, machozi. Mimi sijawahi kucheka na sabuni, wala sijamaliza mwaka nikilia na mtoto mgongoni. Wanawake wote ninaowajua wanaishi katikati ya picha hizo mbili, na pale katikati hakuna anayeelekeza kamera.

Nasema kwa hasira, lakini hasira yenyewe nina haki nayo nusu tu. Mama yangu mkubwa ni mimi niliyempeleka kwa hao wenye kamera.

Mama mkubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Anakaa mtaa wa Kampemba, kwenye nyumba ya matofali ambayo yeye na mume wake waliijenga chumba baada ya chumba. Sokoni anauza samaki wakavu wanaotoka Kasenga, kando ya mto, alikozaliwa. Ana mdomo. Mteja akilalamika kwamba samaki ni mdogo, humwambia amnunue tu, akamlee mwenyewe. Mume wake, baba mkubwa, alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, kama baba yake kabla yake. Ukoo wao ni wa kaskazini mwa Katanga, Wakatoliki wa misa ya kwanza. Wawili hao walioana kabla sijazaliwa, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikienda kwao likizo kwa sababu kwao kulikuwa na kelele za kucheka.

Wale wageni walikuwa watatu: mama aliyeongoza filamu, mpiga picha, na fundi wa sauti. Walikuja kutengeneza filamu kuhusu wanawake wanaoishi karibu na machimbo. Walikuwa wamepanga kuzungumza na mwanamke mmoja aliyetendewa ukatili huko, lakini asubuhi ya siku yenyewe yule mwanamke alizima simu yake. Alikuwa na akili kutushinda sote. Kesho yake wageni wanasafiri, na yule kiongozi anazunguka uani kwenye nyumba waliyokodi Golf, mkono kwenye paji la uso.

Nikamwambia kwamba namjua mwanamke aliyewahi kuuza samaki kwenye kambi ya wachimbaji. Ilikuwa kweli. Nikamwambia anajua kuzungumza. Hiyo nayo kweli. Nilitaka wafurahi, wanikumbuke wakirudi.

Mama mkubwa alitupokea kama anavyojua kupokea. Alivaa kikwembe cha sikukuu, vipande vitatu, nywele za dukani kichwani, hereni, na viatu vya kanisani. Baba mkubwa alivaa koti. Sebuleni walitandika vitambaa vyeupe kwenye viti. Kiongozi akatabasamu, akawasalimu, kisha akanivuta pembeni na kuniambia nimuulize huyu mama kama ana nguo za kila siku.

Nikamuuliza. Mama mkubwa alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Ya kila siku? Bageni banakuya kwangu, mi nibapokee na nguo ya kupangia samaki? Ni nani alikufundisha ile?"

"Mama mukubwa, njo vile banapenda."

"Banapenda bantu banicheke?"

"Ni kwa dakika kidogo tu."

Alibadilisha kwa sababu niliyemuomba ni mimi. Akavua nywele, akafunga kitambaa kikuukuu. Sebule nayo haikufaa, viti vilikuwa vizuri mno. Wakamketisha nje kwenye kigoda, nyuma yake ukuta wa jirani ambao haujapigwa lipu. Baba mkubwa akaombwa abaki ndani, maana kikohozi chake kingeingia kwenye sauti. Akaketi sebuleni peke yake na koti lake, akangoja.

Mazungumzo yalianza vizuri kabisa, kwangu mimi. Mama mkubwa alieleza safari za Kasenga wakati wa mvua, lori limezama kwenye matope na wanawake wote wameshuka kusukuma, dereva amebaki kwenye usukani kama mbunge. Alieleza namna ya kumtambua samaki aliyekaushwa kwa haraka, na namna wachimbaji walivyomwita mama kwa sababu aliwakemea wasinywe kabla ya kula. Nilitafsiri huku nacheka. Kiongozi alitikisa kichwa taratibu, uso wa mtu anayengoja zamu yake benki. Mwishowe akaniambia kwa Kifaransa kwamba hayo yote ni mazuri, lakini anahitaji kitu kinachogusa moyo, na jua linashuka.

Hapa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo kosa langu halionekani ukubwa wake. Nyanya yetu, mama wa mama mkubwa, alikuwa amefariki Kasenga miezi mitatu kabla. Kwetu, mgeni anayekutana na mfiwa kwa mara ya kwanza tangu msiba humpa pole, na mfiwa hulia. Anatakiwa alie, hata kama dakika iliyopita alikuwa anacheka. Analia kwa sauti, mikono kichwani, anamwita marehemu na kumwambia nani amekuja. Ukipewa pole ukabaki macho makavu, watu watajiuliza kama ulimpenda. Mgeni naye hutulia mpaka kilio kiishe, kisha huletwa maji ya kunawa uso, kisha chakula. Ni heshima ya pande mbili. Mimi niliijua, wale wageni hawakuijua.

Nikamgeukia mama mkubwa.

"Mama mukubwa, aba bageni banasikia sasa hivi mambo ya kifo ya nyanya. Banasema pole sana."

Hawakuwa wamesema kitu.

Mama mkubwa aliweka mikono kichwani. "Mama weee," akaanza, "mama, uone bageni benye batoka mbali, bakuya kukulilia! Mama, inuka ubasalimie!" Akayumba kushoto na kulia, akamtaja nyanya kwa majina yake yote, akautaja mto, akawataja watoto waliomtangulia. Mpiga picha akasogea mpaka kioo cha kamera kikawa karibu na shavu lake. Kiongozi alikuwa ameweka mkono kifuani, macho yamelowa. Akaninong'oneza: anasema nini?

Maneno ya kilio ni magumu kutafsiri, na mimi nilikuwa nimechoka. Nikasema: anasema ameteseka sana.

Alipomaliza, alinawa uso, akasonga bukari, ugali wetu, akawapikia samaki. Walionja kidogo, wakasema tumbo haliko sawa. Kiongozi alimkumbatia kwa muda mrefu. Langoni mama mkubwa alinishika mkono.

"Aba bazungu beko na roho," akasema. "Balikuya kumulilia mama. Sikuwazia."

Nikasema ndiyo, nikapanda gari pamoja nao kurudi Golf.

Miezi ikapita. Siku moja kiongozi akanitumia filamu kwenye simu, na maneno mengi ya shukrani. Niliitazama baada ya chakula cha mchana, kabla ya kuosha vyombo. Samaki hawakuwemo, wala lori, wala dereva. Ulikuwamo ule uso unaolia, na juu yake sauti ya mwanamke mwingine, tulivu, inayosema kwamba wanawake hawa wamewapoteza waume zao machimboni, kwamba wengi wamebakwa na wale waliopaswa kuwalinda, kwamba hawasemi, wamebaki na machozi. Chini ya uso waliandika jina lisilo lake, na maelezo kwamba jina limebadilishwa ili kumlinda. Kipande chote kilikuwa kifupi, muda wa kunywa glasi ya maji. Hakuna mahali waliposema kwamba ni yeye aliyetendewa hayo. Hawakuhitaji kusema.

Sikumwambia mtu. Nilijipa moyo kwamba itaonyeshwa huko huko kwao, kwa watu watakaotikisa kichwa na kwenda kulala. Nilinyamaza nikiwa nimeketi, bila mtu kunilazimisha, na hadi leo najionea aibu zaidi kwa kunyamaza kule kuliko kwa ile pole ya uongo. Ningeenda kwake siku ile ile, angekuwa na muda wa kumweleza mume wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Televisheni moja ya hapa mjini iliikata filamu vipande, ikaweka vichwa vyake vya habari, ikairusha mara nyingi. Kutoka hapo iliingia kwenye simu. Baba mkubwa aliiona kwa kinyozi, taulo shingoni, kwenye ile televisheni ya ukutani. Waliokuwa wakingoja walimfahamu, na walimfahamu mke wake, maana nani Kampemba hajawahi kununua samaki kwake? Kinyozi akaizima haraka. Alifanya kwa wema, lakini kuizima ndiko kulikommaliza baba mkubwa, kwa sababu alijua sasa kwamba wote wameona. Alirudi nyumbani kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Jioni ile mama mkubwa aliandaa meza. Baba mkubwa akasema ameshiba.

Kwa ukoo wake lipo jambo ambalo watu hawalizungumzi ila likifika mlangoni. Mke akishakutana na mwanaume mwingine, kwa kupenda au kwa nguvu, mume hali tena kutoka mkononi mwake mpaka jambo lisemwe. Mke mwenyewe alitamke mbele ya wakubwa wa mume. Hapo hupikwa kuku, wanakula wote sahani moja, basi limekwisha, na ni mwiko kulirudia. Mume akila kabla halijasemwa, wanaogopa ugonjwa utaingia ndani, kwake au kwa watoto. Padri wa parokia alimwita baba mkubwa akamwambia hayo ni mambo ya giza, ale chakula cha mke wake. Baba mkubwa alijibu ndiyo, padri, akampa mkono, akaenda moja kwa moja kula kwa dada yake.

Mama mkubwa alikuja kwangu baada ya wiki tatu. Hakuketi.

"Baba yenu hakuli tena kwangu," akasema. "Napika, naweka ku meza, anasema merci, anavaa kofia, anaenda kwa dada yake. Hata siku tuligombana sana, siku ile ya kusema natakufukuza, alikula. Mi siko na lingine lenye natafuta. Akule tu. Bukari inapoa pale, mi naiangalia."

Kisha akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka mezani, na kuniambia nimtafsirie kile ambacho ile sauti inasema. Yote, nisikate. Nikamtafsiria sentensi moja moja kwa Kiswahili chetu: tulipoteza bwana zetu kule kwa machimbo, bale benye balipaswa kutulinda njo balitukamata kwa nguvu, hatusemi, tunabakia tu na machozi. Alinirudisha nyuma mara kadhaa mpaka akashika kila neno. Hakulia.

"Donc bwana yangu alikufa," akasema.

"Njo vile banasema."

"Ule mwenye alikuwa mu salon na veste."

"Ndiyo, mama mukubwa."

Akacheka kidogo, kwa pua. Nikaona kwamba nisiposema siku hiyo sitasema tena. Nikamwambia kwamba wale wageni hawakujua chochote kuhusu nyanya, kwamba pole niliitunga mimi, ili alie, kwa sababu walitaka mtu analia.

Nilitegemea kofi. Alianza kukunja na kukunjua pindo la kikwembe chake.

"Hawakumulilia?" akauliza.

"Hawakumulilia, mama mukubwa."

"Mi nilimwita aamuke abasalimie."

Hilo hajawahi kulitaja tena. Nilitamani anitukane. Alichukua simu yake, akaniomba kitu kimoja tu: niende naye kwa wakwe zake, niwaambie hivyo hivyo nilivyomwambia yeye.

Nilikwenda. Dada mkubwa wa baba mkubwa, tunamwita tantine, alitupokea na ndugu wengine wawili. Baba mkubwa aliketi pembeni, anatazama viatu vyake. Nilisema yote bila kujipendelea. Nguo za kubadilisha, ukuta wa jirani, kikohozi, pole ya uongo, tafsiri ya uvivu. Nilipomaliza, tantine alinitazama kwa upole, na ule upole ulinitisha kuliko kelele.

"Mutoto yangu," akasema, "unatuambia ulidanganya mama yako, ulidanganya na bazungu, juu ya kazi. Leo unatuambia sisi kweli. Leo juu ya nini?"

"Juu ni kweli, tantine."

"Na ile siku pia ulikuwa unasema na huu uso."

Hata mimi nisingejiamini.

Nikamwandikia yule kiongozi wa filamu, barua ndefu yenye maelezo yote. Alijibu siku iliyofuata, na najua alihuzunika kweli. Alisema zile zilikuwa picha za kuonyesha hali ya wanawake kwa jumla, hakuna aliyekusudia kumtaja mtu, mama yangu mkubwa ni mwanamke shujaa, na atachukua hatua ya kumlinda. Hatua aliichukua. Baada ya siku chache filamu ilirudi mtandaoni ikiwa imefutwa uso wa mama mkubwa, ukawa ukungu unaoyumba na kulia. Kampemba nzima ilikwisha kuujua ule uso. Waliokuwa na shaka wakasema sasa, kama hakuna kitu, wanaficha nini?

Tukajaribu njia yetu. Mama mkubwa alivaa kile kikwembe cha sikukuu, vipande vitatu, akaketi sebuleni, na mimi nikampiga video kwa simu yangu. Akasema ni mke wa nani, mume wake yuko hai na anakohoa vizuri, anauza samaki wa Kasenga, siku ile alikuwa anamlilia mama yake. Alisema vizuri, hata akatania. Nikaituma kila mahali nilipoweza. Ndugu waliitazama, na marafiki wachache wa soko. Mtu mmoja nisiyemjua aliandika kwamba huyu mama amelipwa akanushe. Mwingine akamshauri mafuta ya kung'arisha ngozi, maana sura si mbaya. Baada ya hapo, kimya. Ile ya machozi iliendelea kutembea.

Baba mkubwa alianza kukonda. Chakula cha dada yake alikila kwa heshima, si kwa hamu. Siku moja, kama saa sita mchana, nilikutana naye barabarani akielekea huko, kofia kichwani. Nikatembea naye kidogo. Nikamuuliza waziwazi kama anaamini yale ya televisheni.

"Mi?" akasema. "Mi nayua bibi yangu. Sikuamini hata siku moja."

"Sasa baba, juu ya nini haukuli?"

Aliongeza mwendo.

"Ule mwanamuke wa televizio naye aliingia mu nyumba. Bibi yangu akiweka sahani, naona mikono ya bote babili. Na dada yangu anaona, na batoto banaona." Akasimama kukohoa. "Kama kungekuwa na kintu, angesema, ingeisha. Sasa hakuna kintu. Ile yenye haiko, utaimalizaka je?"

Maneno hayo nilimpelekea mama mkubwa siku ile ile. Nilidhani nampelekea habari njema, kwamba mume wake anamwamini. Nilimkuta akichambua samaki, wazuri huku, waliovunjika kule. Nilipofika kwenye yale ya mwisho mikono yake ilisimama. Akaniambia niyarudie. Nikayarudia. Akaendelea kuchambua, na akaniuliza kama nimekula.

Jumapili moja baada ya misa niliitwa kwa tantine. Mama mkubwa alikuwa ametuma habari kwamba anataka kusema, na upande wake ulihitaji shahidi. Mama yangu mzazi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo upande wake nilikuwa mimi. Nilidhani tunakwenda kukana tena, nikajipanga upya njia nzima, nikatafuta maneno yenye nguvu kuliko ya mara ya kwanza.

Mama mkubwa alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya tantine. Baba mkubwa aliketi kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Kuku mweupe alikuwa amefungwa miguu karibu na mlango, na nilipomwona ndipo nilipoanza kuelewa. Nikanyanyuka. Mama mkubwa hakunitazama, alinyoosha tu kiganja upande wangu, kama unavyomzuia mtoto asivuke barabara.

"Ni kweli," akasema. "Wakati ule nilikuwa nauzisha kule kwa machimbo. Bale benye balipaswa kutulinda njo balinikamata kwa nguvu. Sikusema. Nilibakia tu na machozi."

Yalikuwa maneno yangu, yale yale niliyomtafsiria mezani kwangu, hakuacha ila lile la bwana aliyekufa. Tantine alitikisa kichwa kila sentensi. Yalilingana na televisheni, kwa hiyo yalikuwa kweli. Aliuliza ilikuwa mara ngapi, mama mkubwa akasema moja. Aliuliza kama kulikuwa na mimba, mama mkubwa akasema hapana. Tantine alimshika kichwa kwa mikono yote miwili, akalia naye. Nadhani kilikuwa kilio cha kweli, na kwamba alimpenda wifi yake siku ile kuliko siku zote za nyuma.

Kisha akanigeukia mimi.

"Na weye ulikaa pale, ukatuambia hakuna kintu."

Wote wakanitazama. Sasa mama mkubwa naye alinitazama. Nilijua anachoniomba. Nikisema kweli, kuku atafunguliwa miguu, na yeye atarudi kwenye meza yake kuangalia bukari inavyopoa mpaka mmoja wao afe.

"Nilidanganya, tantine," nikasema. "Niliona haya juu yake."

"Usirudie."

"Sitarudia."

Kuku alipikwa. Mama mkubwa mwenyewe alisonga bukari, akaiweka kwenye sahani moja kubwa, tukaizunguka. Akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akampa mume wake. Baba mkubwa alilitafuna macho yamefumbwa. Akala la pili, la tatu, akasogeza kiti karibu. Alikula kama mtu aliyetoka safari ndefu, na mama mkubwa alikuwa anamsogezea nyama upande wake, uso unang'aa kwa furaha. Ilikuwa furaha ya kweli. Mimi nilikula pia, kwa sababu asiyekula ana neno.

Wakati wa kuagana baba mkubwa alinisindikiza hadi langoni. Alikuwa anasafisha meno kwa ulimi, ameshiba. Akaniwekea mkono begani, akaniinamia, na kuniambia taratibu, kwa namna ya kunifariji:

"Kumbe ilikuwa kweli."

Nikamwambia ndiyo, baba.